Isaya 61 "Roho ya Bwana", Luka 4 "Roho wa Bwana": nani kabadilisha?

Msomaji_wa_Pili
Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Jumapili iliyopita nilipangiwa masomo mawili, Isaya 61 na Luka 4. Natumia Biblia ya Union Version, ile ya 1952, niliyoachiwa na marehemu baba. Isaya 61:1 inaanza hivi: "Roho ya Bwana MUNGU i juu yangu." Nikafungua Luka 4:18, pale Yesu alipopewa chuo, yaani kitabu, cha nabii Isaya katika sinagogi la Nazareti, nikakuta: "Roho wa Bwana yu juu yangu."

Ya imekuwa wa, na i imekuwa yu. Nilisita pale mbele hadi mama mmoja wa kiti cha kwanza akainua macho kuniangalia.

Kinachonisumbua ni kwamba Yesu hapo alikuwa anasoma. Hakuwa anaeleza kwa maneno yake. Kama alisoma Isaya, mbona Isaya wake si huyu wangu? Ni kosa la wachapaji au kuna mtu alikusudia? Na je, nikisoma "Roho wa Bwana" kote kuwili nitakuwa nimekosea?

Kapteni_Kwaya
Nimesoma sura hizo zote mbili tangu Shule ya Jumapili na sijawahi kuliona hili. Naweka kambi hapa.

MzeeKengele
Amina dada. Jibu ni rahisi. Union Version aliitafsiri Askofu Steere kule Unguja, na Kiunguja cha zamani kilikuwa kinasema "roho ya" kwa kila kitu. Walipofika Agano Jipya wakawa wameshazoea lugha, wakarekebisha. Ni mambo ya lahaja tu, usihangaike.

BintiPwani
Mzee Kengele shikamoo, ila hapo naomba nikurekebishe. Askofu Edward Steere alifariki 1882. Union Version imetoka 1952, miaka 70 baadaye. Steere alitafsiri Agano Jipya na sehemu za Agano la Kale, na Biblia nzima ya Kiunguja ikakamilishwa na wenzake 1891, yeye akiwa amekwisha kuzikwa pale Mkunazini.

Kisha sisi wa Mombasa tukawa na yetu ya Kimvita, Biblia nzima 1914. Union maana yake ni kwamba makanisa yaliamua kuacha hizo mbili, watu wa Unguja na watu wa Mvita wasome kitabu kimoja. Na lahaja haielezi hili. Hakuna lahaja ya pwani inayompa Roho "ya" katika Isaya ikamnyima katika Luka.

MzeeKengele
Marahaba binti. Nimepokea. Basi yule mmisionari Krapf?

BintiPwani
Krapf alifika Mombasa 1844 na mwaka huohuo akaanza kutafsiri Mwanzo. Hakuifikisha Biblia nzima. Tumwache mzee wa watu apumzike 😊

MwlNgeli
Nafundisha Kiswahili shule ya upili hapa Kenya, kwa hiyo mniruhusu niingie darasani kidogo.

Neno "roho" kwa umbo lake liko ngeli ya I-ZI: roho imechoka, roho zimechoka. Lakini Kiswahili kina kanuni kwamba kitu chenye uhai kinatolewa kwenye ngeli ya umbo lake na kupelekwa A-WA. Kipofu ana umbo la KI-VI lakini tunasema "kipofu ameona", hatusemi "kipofu kimeona". Simba, ndege, malaika ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo mtafsiri wa Kiswahili akifika penye "roho" hawezi kukwepa. Lazima aamue: hii ni kitu au ni nafsi? Akiandika "ya" ameamua, akiandika "wa" ameamua pia. Mtafsiri wa Isaya aliona pumzi au nguvu itokayo kwa Mungu. Mtafsiri wa Luka alimwona Nafsi ya Tatu. Hakuna kosa la uchapaji hapo. Tazameni Mwanzo 1:2: "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji." I-katulia, si a-katulia. Halafu Yohana 16:13: "yeye atakapokuja, huyo Roho wa kweli, atawaongoza awatie kwenye kweli yote." Agano la Kale I-ZI, Agano Jipya A-WA. Wafasiri walifuata jinsi ufunuo ulivyokuwa ukifunguka taratibu.

Kapteni_Kwaya
Mwalimu umemaliza. Uzi ufungwe.

Mpitanjia
Habari zenu. Mimi ni Shahidi wa Yehova na nasoma hapa kwa heshima. Hili ndilo sisi tunalolisema siku zote. Biblia yetu inaandika "roho takatifu", kwa herufi ndogo na kwa ngeli ya kitu, kote kote, kwa sababu tunaamini ni nguvu ya Mungu itendayo kazi, si nafsi. Mwalimu mwenyewe ameonyesha kwamba Mwanzo na Isaya zinasema "ya". Mbona basi Luka ibadilishwe? Anayenukuu habadilishi.

Diwani_wa_Zaburi
Karibu ndugu Mpitanjia. Lakini Isaya hakuandika "ya". Isaya aliandika Kiebrania, na katika Kiebrania neno ruach kwa kawaida ni la kike. Ukitaka kufuata sarufi ya asili bila kuongeza kitu, ungelazimika kusema habari za "yeye mwanamke", na hapo hakuna mmoja wetu anayetaka kwenda. "Ya" yako na "wa" yangu vyote ni uamuzi wa Mswahili aliyekaa mezani miaka elfu mbili na zaidi baada ya nabii.

FrateriK
Tumsifu Yesu Kristo. Diwani kanitangulia, niongezee.

Ruach ya Kiebrania ni ya kike. Pneuma ya Kigiriki haina ukike wala uume. Spiritus ya Kilatini ni ya kiume. Mtakatifu Yeronimo, aliyewapa Walatini Biblia yao, aliliona jambo hili alipokuwa akieleza kitabu hikihiki cha Isaya, akasema lugha tatu zimetoa jinsia tatu ili tujue kwamba katika Uungu hakuna jinsia. Wakristo wa kale wa Kisiria, ambao neno lao ruha ni la kike pia, walimsema Roho kwa maneno ya kike, wengine hata kumfananisha na mama.

Halafu Kanuni ya Imani. Mababa wa Mtaguso wa Konstantinopoli, 381, waliomkiri Roho kuwa "Bwana, mleta uzima", waliandika maneno hayo kwa Kigiriki kwa ile jinsia isiyo ya kike wala ya kiume. Walimkiri kuwa Mungu huku sarufi yao ikimtaja kama kitu. Kwa hiyo mwalimu, naogopa kidogo ukisema ngeli inathibitisha nafsi. Kwa Wagiriki haikuthibitisha, na walikuwa na imani ileile.

MwlNgeli
Frateri, sijasema inathibitisha. Nimesema inamlazimu mtafsiri achague. Mgiriki aliweza kunyamaza nyuma ya sarufi yake. Sisi hatuwezi.

NjeriKwaya
Nyumbani tunasoma Gĩkũyũ, na huko ni "Roho Mũtheru", neno roho tumelichukua kwenu Waswahili. Bibi yangu alidhani ni neno la Kigĩkũyũ tangu kuumbwa ulimwengu.

Otieno_K
Kwetu ni "Roho Maler". Kijaluo hakina ngeli, kwa hiyo swali la dada haliwezi hata kuulizwa. Nimekaa miaka yote nikisoma Isaya na Luka kwa Kijaluo bila kujua kwamba majirani zangu wana vita hapo.

Msafiri_Songea
Ng'ambo ya ziwa, Malawi, wanasema "Mzimu Woyera". Mara ya kwanza kusikia nikiwa ibadani kwao nilishtuka, maana kwangu mzimu ni wa kaburini. Ndugu yangu wa kule akaniuliza na mimi kwa nini namwita Mungu kwa neno la Waarabu. Roho ni la Kiarabu kweli, ruh. Tukaishia kuimba.

Diwani_wa_Zaburi
Ndiyo maana mmisionari Mjerumani Karl Roehl alijaribu kukipunguza Kiarabu katika Biblia yake ya 1937, akitafuta maneno ya Kibantu kila alipoweza. Watu wa bara waliipenda. Wa pwani walisema hiki si Kiswahili.

BintiPwani
Na bado tunasema 😊

MzeeKengele
Mtatoka nje ya mada sasa hivi.

Kapteni_Kwaya
Kwa kuwa tumeshatoka: Zaburi 23:4, "gongo lako na fimbo yako vyanifariji". Mwaka jana nilifundisha kwaya ya vijana wimbo wa zaburi hii. Tulipofika "gongo lako" nusu ya sauti ya tatu ilikosa pumzi kwa kicheko. Kwao gongo ni pombe inayokamatwa na polisi. Ilibidi nisimamishe mazoezi nieleze kwamba gongo ni fimbo nene ya mchungaji, ya kumpigia mnyama mkali. Baadaye kijana mmoja, ambaye baba yake pombe hiyo imemharibu, alinifuata akasema yeye hakucheka, aliona aibu. Sijui neno lipi lingefaa. Ila tangu siku ile naliogopa lile neno kwa ajili ya mtoto yule.

Msomaji_wa_Pili
Kaka Kapteni, pole. Hilo limenigusa.

Mama_Usharika
Kwenye Baba Yetu nako ni vivyo. Mume wangu alizaliwa Mkatoliki. Mimi nasema "usitutie majaribuni", yeye bado mdomo wake unakwenda "usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni". Miaka 20 ya ndoa na bado hatumalizi sala pamoja. Nilipokuwa mgeni katika familia yao nilidhani "utuopoe" ni kosa, kumbe ni kuopoa kama mtu anavyoopolewa kisimani. Siku hizi nalipenda kuliko letu.

Sikio
Salamu wote. Naomba mnisikilize kwa jambo moja, maana nyote mnazungumza kama watu wanaoona ukurasa.

Mimi sioni. Biblia yangu ni ya kurekodiwa, naisikia kwenye simu. Ndugu Mpitanjia anasema wao wanaandika kwa herufi ndogo. Wengine wanasema "Roho" kwa herufi kubwa. Kwangu hakuna herufi kubwa. BWANA wa Agano la Kale, aliyeandikwa kwa herufi kubwa zote, na bwana mwenye shamba la mizabibu, masikioni mwangu ni sauti moja. Hadi nilipokuwa mtu mzima ndipo nikaambiwa kwamba kuna tofauti imechorwa pale.

Lakini "ya" na "wa" nazisikia. Msomaji akisema "Roho mwenyewe hushuhudia pamoja na roho zetu", Warumi 8:16, najua papo hapo kwamba kuna Roho mmoja aliye Mtu na kuna roho nyingine ambazo ni zetu. Mwenyewe na zetu. Sihitaji mtu wa kuniambia ipi imeandikwa kwa wino mkubwa. Ndivyo nilivyomjua Roho Mtakatifu kuwa ni wa kusemeshwa: kwa kiambishi.

Kwa hiyo dada msomaji, usidhani ni jambo dogo unapobadilisha pale mbele. Kuna wanaokusikiliza wasio na ukurasa.

FrateriK
Sikio, asante. Sikuwahi kuliwaza hivyo. Na ukumbuke Waebrania hawana herufi kubwa na ndogo hata leo, na nakala za kale kabisa za Kigiriki ziliandikwa kwa herufi kubwa tupu. Herufi kubwa ya "Roho" ni uamuzi wa wafasiri, sawa na ile ngeli. Na wote wa kwanza walisikia kama unavyosikia wewe.

Mpitanjia
Nakubaliana na Sikio kwamba ngeli inasikika. Ndiyo maana nasema ni hatari ikiwekwa pasipo sababu. Warumi 8:16 hiyohiyo, Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James ya 1611 inatumia kiwakilishi cha kitu kwa Roho, si cha mtu. Na wale walikuwa waamini Utatu.

FrateriK
Ni kweli ndugu, walifuata umbo la Kigiriki. Tyndale naye, mfasiri wa Kiingereza, 1534, katika Yohana 1:3 alisema vitu vyote vilifanyika kwa Neno kwa kutumia kiwakilishi cha kitu. Wafaransa katika Biblia yao ya Segond wanasema "yeye" wa kike, kwa kuwa Parole ni neno la kike kwao. Hakuna hata mmoja wao aliyekusudia kumshusha Mwana.

NjeriKwaya
Subirini. Yohana 1! Neno ni LI-YA: neno hili, maneno haya. Lakini tunasoma "naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu". Alikuwako, si lilikuwako! Nimeisema kwa moyo tangu nikiwa mdogo na sikuona kwamba sarufi imevunjwa.

MwlNgeli
Haijavunjwa, imepandishwa. Mwanafunzi wangu akiandika "neno alikuwa" kwenye insha namkata alama. Yohana simkati. Na ndiyo hoja yangu: wafasiri wanapotaka tujue ni Nafsi, wanapeleka A-WA.

Diwani_wa_Zaburi
Mwalimu, hapo nakupinga. Mithali 9:1: "Hekima ameijenga nyumba yake, Amezichonga nguzo zake saba." Ameijenga, si imeijenga. Hekima naye ni Nafsi ya Nne? Pale ni mshairi anaifanya hekima iwe kama mtu. Kwa hiyo A-WA inaweza kuwa tamathali tu. Isitoshe mbuzi na mbu nao ni A-WA, na hakuna anayewasujudia.

MwlNgeli
Hekima ya Mithali wako mababa waliosema ndiye Kristo mwenyewe, kwa hiyo hujaniangusha. Ya mbu nakubali.

BintiPwani
Nami nitoe kiajabu changu. Neno "Mungu" lenyewe umbo lake ni la mti na mkono: mti/miti, mkono/mikono, Mungu/miungu. Kwa umoja tunampa A-WA: Mungu amesema. Kwa wingi, Kutoka 20:3: "Usiwe na miungu mingine ila mimi." Mingine, si wengine! Mtume naye wingi wake ni mitume, umbo lilelile, lakini hakuna asemaye "mitume mingine". Mitume ni watu, miungu ni vitu. Amri ya kwanza imetiwa ndani ya kiambishi. Bibi yangu hakusoma shule na alikuwa anasema hivyohivyo.

Mama_Usharika
Binti, nimeisoma mara tatu. Nitaitumia Jumatano kwa akina mama.

Diwani_wa_Zaburi
Nimekaa na Biblia usiku huu na lazima niseme nadharia ya mwalimu ya "Agano la Kale I-ZI, Agano Jipya A-WA" haisimami. Isaya 63:10, kurasa hizohizo za dada: "wakamhuzunisha Roho yake Mtakatifu". Waka-M-huzunisha. Sura mbili tu baada ya "Roho ya Bwana". Na Zaburi 51:11: "Wala roho yako mtakatifu usiniondolee." Mtakatifu, si takatifu, tena kwa r ndogo.

Mpitanjia
Lakini "yake" na "yako" ni za kitu. Wangekusudia mtu wangesema "wake" na "wako".

MwlNgeli
Hapana ndugu. Unasema "rafiki yangu", "ndugu yako", "baba yake". Hawa ni vitu? Majina ya namna hii ya viumbe huchukua yangu, yako, yake katika umoja. Lakini kwa kihusishi unasema "rafiki wa Ibrahimu", si "rafiki ya Ibrahimu". Kwa hiyo "Roho yangu" haitusaidii upande wowote. Kipimo ni "wa" na "ya", pamoja na viambishi vya kitenzi na vya sifa.

Diwani, nimepokea. Nilisema kwa haraka. Labda basi si agano, ni kitendo: anapotua juu ya maji ni I-ZI, anapohuzunika ni A-WA. Upepo hauhuzuniki.

MzeeKengele
Au labda meza ilikuwa na watu wengi, na huyu wa Isaya 61 hakukaa na yule wa Isaya 63. Nimekaa kwenye kamati za kanisa miaka 40. Msidhani kila neno lilipigiwa kura.

Kapteni_Kwaya
Hii nayo nadharia!

Mama_Usharika
Mimi naona mnasahau masikio ya waliokuwa wakisomewa. Waumini walikuwa wameshazoea kubatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Huwezi kuwasomea Injili ukawaambia "Roho ya Bwana" wakakuelewa. Lakini Mwanzo na Isaya walizisikia kama masimulizi ya kale.

FrateriK
1 Yohana 4:2, sentensi moja: "Katika hili mwamjua Roho wa Mungu, kila roho ikiriyo kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili yatokana na Mungu." Mwa-M-jua kwa mmoja, i-kiriyo kwa zilizobaki. Hapa mtu mmoja, mezani pamoja, ndani ya pumzi moja, alijua anachofanya.

Msomaji_wa_Pili
Nawashukuru nyote. Jana nilimwendea mchungaji. Alifungua zote mbili, akakaa kimya, akaniambia nisome kila moja kama ilivyoandikwa, maana sikupewa kazi ya kuilinganisha. Nilimweleza maneno ya ndugu Sikio. Akasema basi nisome taratibu pale kwenye "ya" na pale kwenye "wa", wenye masikio wachague wenyewe.

Sijaridhika sana. Bado naona Yesu ana chuo mkononi na mimi sijui alitamka nini. Ila Jumapili nitasoma taratibu.

Sikio
Hiyo "taratibu" inatosha dada.

Otieno_K
Samahani kwa kurudi nyuma. Ninyi wenye ngeli mnaelezaje Ufunuo 4:5? "Taa saba za moto zilikuwa zikiwaka mbele ya kile kiti cha enzi, ndizo Roho saba za Mungu." R kubwa, Agano Jipya, na "za".

MwlNgeli
Mh. Nipe hadi kesho jioni.